Je, wajua nani aliingiza fanki, muziki wa mdundo wa kuchezeka wa Wamarekani weusi, katika Deep Purple?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni Tommy Bolin, Mmarekani aliyeshika gitaa katika bendi hii ya roki nzito ya Uingereza mwaka 1975, baada ya Ritchie Blackmore kuondoka. Ni rahisi kuliamini. Bolin alikuwa amepiga gitaa katika Spectrum, albamu ya mpiga drams Billy Cobham iliyochanganya jazi, roki na fanki, kwa hiyo mtu hudhani mgeni kaja na mzigo wake. Tarehe zinakataa. Stormbringer, albamu ya Deep Purple iliyojaa fanki, ilitoka Novemba 1974, na gitaa linalosikika humo ni la Blackmore mwenyewe. Fanki iliingia yeye akiwemo, akiichukia.

Aliyefungua mlango ni Glenn Hughes. Alijiunga mwaka 1973, akapiga besi na kugawana uimbaji na David Coverdale. Alitokea Trapeze, bendi iliyokuwa imeshaonja fanki, na alimhusudu sana Stevie Wonder, mwanamuziki wa Marekani.

Kwa nini mpiga besi mmoja abadilishe bendi nzima? Katika roki nzito, gitaa na besi aghalabu hupiga sauti zilezile kwa wakati mmoja, na uzito hutokana na kugonga huko kwa pamoja. Fanki inataka kupishana. Ni kama wanawake watatu wanaotwanga kinu kimoja: mchi wa kwanza ukishuka, wa pili uko juu, wa tatu unasubiri nafasi yake. Anayetwanga kwa pupa anagonganisha michi. Basi besi ya Hughes inapoanza kuruka na kuacha mapengo, drams za Ian Paice hujibu ndani ya mapengo hayo, na gitaa halina budi kupunguza maneno. Sikiliza "You Can't Do It Right", wimbo wa Stormbringer, uone nani anaongoza. Kwa mpiga gitaa aliyezoea kuwa mbele kama Blackmore, hilo ni badiliko kubwa mno.

Si albamu nzima iliyo hivyo. Wimbo wenye jina la albamu ni roki nzito kabisa, na "Soldier of Fortune" ni wimbo mtulivu, mzuri ajabu, uliotungwa na Blackmore na Coverdale.

Blackmore aliondoka 1975 na kuanzisha bendi ya Rainbow. Come Taste the Band, albamu ya Deep Purple aliyoipiga Bolin mwaka huohuo, iliendelea pale Stormbringer ilipoishia.