Kushuka kwa volti: kwa nini taa ya pikipiki kuukuu hufifia ilhali betri ni nzima

Umeweka betri mpya, umebadilisha balbu, na bado taa ya mbele inawaka kama kibatari. Honi nayo inakoroma badala ya kulia. Ukivuta waya wa pembeni kutoka betri moja kwa moja hadi kwenye balbu, inawaka vizuri kabisa. Basi umeme upo, ila haufiki wote. Hicho kinachopungua njiani ndicho huitwa kushuka kwa volti, na kwenye pikipiki ya zamani njia hiyo karibu kila mara hupitia swichi za usukani.

Volti ni msukumo wa umeme. Kila kitu umeme unachopitia, iwe waya, kiungio au kidole cha shaba ndani ya swichi, kina ukinzani wake, na sehemu ya msukumo huliwa katika kuushinda. Kanuni yake aliichapisha Georg Ohm mwaka 1827: volti zinazopotea ni mkondo mara ukinzani. Katika sentensi hiyo, neno la kulishika ni mkondo, yaani wingi wa umeme unaopita, unaopimwa kwa ampea. Mkondo usipopita, hakuna kinachopotea.

Hapo ndipo wengi hudanganyika. Unachomoa soketi ya taa, unagusisha multimita, yaani kile kipimo cha umeme cha mkononi, inasoma volti 12.6, unaapa kwamba nyaya ni nzima. Fikiria mpira wa kumwagilia maji uliokanyagwa katikati. Ukiziba mdomo wake kwa kidole, baada ya muda presha inajaa kama kawaida. Achia kidole, maji yanatoka kwa kudondoka. Waya nao ndivyo ulivyo. Ukiupima wakati haufanyi kazi, unajisifu. Washa taa kisha upime, ndipo utakapousikia ukweli wake. Hata kipimo cha ukinzani hakikuokoi, kwa sababu waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba kati ya kumi na sita bado utasoma karibu na sifuri.

Tuchukue taa ya wati 35. Kwenye mfumo wa volti 6, ambao pikipiki nyingi za zamani zilitoka nao kiwandani, taa hiyo huvuta karibu ampea 6. Kwenye volti 12 huvuta karibu ampea 3. Sasa weka ukinzani wa omu 0.2 tu ndani ya swichi, kiasi ambacho uchafu kidogo unatosha kukileta. Mfumo wa volti 12 unapoteza kama nusu volti, na jicho halitagundua sana. Mfumo wa volti 6 unapoteza karibu volti 1 nzima, na kwa kuwa mwanga wa balbu ya uzi hushuka kwa kasi kuliko volti zenyewe, unabaki na takriban nusu ya mwanga. Watu husema pikipiki za volti 6 zilikuwa na taa mbovu tangu zamani. Zilikuwa dhaifu, sikatai, lakini lawama nyingi ni za swichi.

Na hiyo volti haipotei hewani, hugeuka joto. Volti 1 kwa ampea 5 ni wati 5, zote zimekaa kwenye nukta ndogo ya shaba iliyoshikiliwa na plastiki. Pasi ndogo ya kulehemu ina wati 15 hadi 25. Ndiyo maana ukifungua swichi ya zamani unakuta plastiki imeyeyuka mahali pamoja tu, na kidole cha shaba kimezama kwa upande. Kikizama hakikandamizi tena, ukinzani unaongezeka, joto nalo linaongezeka.

Ukifungua nyumba ya swichi, ifungulie ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha. Humo mna springi fupi na gololi ndogo inayofanya swichi igote kila hatua, na vyote viwili vinapenda kuruka. Piga picha kabla hujagusa chochote. Utaona grisi ya kiwandani imekauka ikawa kama gundi ya kahawia, na juu ya shaba kuna utando mweusi au kutu ya kijani. Utando huo ndio omu 0.2 tuliyokuwa tunaitafuta. Dawa ya kusafishia swichi huondoa grisi. Utando wenyewe unahitaji kusuguliwa, na kifutio cha penseli kinatosha kwa nyingi. Msasa uwe laini kabisa na mkono uwe mwepesi, maana baadhi ya vidole hivyo vimepakwa madini mengine juu, na ukiyamaliza kutu itarudi upesi. Kisha vuta springi kidogo sana ili ikandamize, na urudishe grisi mpya nyembamba.

Nyaya zinazoingia humo zina ugonjwa wao. Hukunjwa kila usukani unapozungushwa, kwa hiyo hukatikia shingoni mwa pikipiki au pale zinapoingia kwenye nyumba ya swichi. Ngozi ya nje inabaki safi, shaba ndani imeisha. Shika waya kwa vidole viwili, sentimita chache kila upande, uvute taratibu. Mzima haunyooki. Uliokatika ndani hunyooka kama mpira. Ukiumenya ukakuta shaba imekuwa nyeusi, usilehemu hapo, kwa sababu lehemu haishiki kwenye shaba nyeusi. Kata nyuma hadi uone shaba inayong'aa. Na pale unapolehemu kwenye kidole cha swichi, uwe mwepesi: lehemu ya bati na risasi huyeyuka karibu nyuzi 190 za Selsiasi, joto ambalo plastiki ile ya miaka mingi haitalivumilia muda mrefu.

Watu hufuata njia ya kwenda wakasahau ya kurudi. Umeme lazima urudi betri, na kwenye pikipiki fremu yenyewe ndiyo njia ya kurudi, yaani ethi. Pikipiki nyingi za zamani zimetengenezwa hivi kwamba kitufe cha honi hakipeleki umeme, kinaifungia honi ethi kupitia chuma cha usukani. Niliwahi kusumbuka siku nzima na honi iliyokufa mara tu baada ya usukani kupakwa rangi mpya. Kitufe kilikuwa kizima, honi nzima. Rangi ilikuwa imekaa kati ya chuma na chuma. Pasipo na waya wa ethi upande wa mbele, umeme hurudi kupitia bearingi za shingo zenye grisi, jambo ambalo sijawahi kulielewa kwa nini lilikubalika. Ongeza waya wako mwenyewe kutoka kwenye taa hadi fremu. Kwenye Honda waya wa ethi ni wa kijani, kwenye Yamaha ni mweusi. Pikipiki nyingi za Uingereza za miaka ya 1950 na 1960 zina chanya kwenye fremu badala ya hasi, hivyo angalia betri kwanza.

Kupima ni kazi ya dakika mbili. Weka multimita kwenye volti za betri, washa taa. Ncha moja iguse chanya ya betri, nyingine iguse kituo cha umeme cha balbu ile ile inayowaka. Namba unayoiona ndiyo volti zinazopotea wakati wa kwenda. Rudia upande wa hasi. Kwenye volti 12, ikizidi nusu volti kwa njia nzima, kuna mahali pa kufungua. Sogeza ncha kiungio kwa kiungio. Namba itakaporuka ghafla, umempata. Waya mzima wa milimita mraba 1, urefu wa mita 2, una omu 0.035 tu, hivyo shaba safi ni nadra kuwa mkosaji.

Ukichoka, weka relei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo, karibu na taa. Swichi itabeba mkondo mdogo wa kuamsha relei tu, na ule mzito utapita kwenye waya mnene kutoka betri kupitia fyuzi yake.

Ukimaliza kufunga, washa taa na uzungushe usukani hadi mwisho kulia, kisha hadi mwisho kushoto. Mwanga ukicheza, kuna waya umevutwa shingoni. Legeza, uufunge upya.