Kokoto Si Ganda: Mawe na Makombe kwa Kuku wa Nyumbani

Mama mmoja wa Buhongwa, hapa Mwanza, aliniletea yai ndani ya kikombe cha plastiki, kwa sababu hakuna namna nyingine ya kulibeba. Lilikuwa na ngozi tu, bila ganda, ukiligusa linabonyea. Kuku wake sita, chotara, walikuwa wametaga mayai ya namna hiyo kwa mwezi mzima. Jambo lililoniuma ni kwamba mama huyu hakuwa mzembe hata kidogo. Kila jioni alikuwa akiwapondea kokoto, maana jirani alimwambia kokoto ndizo zinazojenga ganda.

Kosa hilo nalikuta karibu kila kata ninayopita, na Mwanza linaeleweka: mji mzima umekaa juu ya mawe. Lakini miamba yetu ni graniti, na graniti haiyeyuki tumboni mwa kuku. Kazi yake ni nyingine kabisa.

Kuku hana meno. Chakula kinashuka kwenye gole, ule mfuko wa shingoni, kinalainika, kisha kinafika kwenye firigisi, na humo ndimo kinamosagwa. Firigisi ni msuli wenye nguvu sana, lakini msuli mtupu hausagi punje ya mahindi. Unahitaji vijiwe vya kuisugulia. Kwa hiyo jiwe ni meno ya kuku. Kuku anayezurura uani anajiokotea mwenyewe. Anayekula chakula cha dukani kilichosagwa, bila punje wala majani, anaweza kuishi vizuri bila vijiwe. Mwenye shida ni yule anayefungiwa bandani huku akipewa mahindi mazima, mtama, mchicha na mabaki ya jikoni. Huyo mwekee chenga za kokoto, zile zinazobaki chini pale akina mama wanapogonga mawe. Zichekeche uondoe vumbi, ubakize zenye ukubwa wa punje ya mtama. Kwa vifaranga ziwe kama ulezi. Ila usichukue mchanga wa marudio, yaani ule unaobaki baada ya dhahabu kutolewa, kutoka kwa wachimbaji wa dhahabu. Una zebaki, na zebaki hiyo itaingia kwa kuku na kwa yai unalompa mtoto.

Sasa ganda. Ganda la yai karibu lote ni kalsiamu kaboneti. Yai moja linabeba takribani gramu 2 za kalsiamu, na kwa kuwa mwili wa kuku hunyonya karibu nusu tu ya anachokula, mtetea anayetaga karibu kila siku anahitaji gramu 4 hivi kwa siku. Pumba ya mahindi karibu haina kabisa. Dagaa wa soko la Kirumba Mwaloni wanasaidia kwa sababu ya mifupa yao, lakini kiasi anachokula kuku mmoja hakitoshi, na ule mchanga unaokuja na dagaa walioanikwa chini ni laini mno hata kwa kazi ya firigisi. Mtetea akikosa kalsiamu kwenye chakula, anaichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Unaanza kuona maganda membamba, kisha yai linamkwama, na asubuhi moja unamkuta amelala ubavu, miguu haina nguvu. Kuku huyo hakurogwa, na mara nyingi wala si kideri. Ametoa mifupa yake ili akupe mayai.

Dawa yake iko ufukweni. Makombe ya konokono na chaza wa ziwani yana takribani gramu 38 za kalsiamu katika kila gramu 100, sawa na chokaa nzuri ya mifugo, na maduka mengi ya vyakula vya kuku yanayauza. Ukipenda kuokota mwenyewe, okota yaliyokauka mchangani. Tafadhali usiwatume watoto kuyatafuta majini, kwenye magugu. Konokono hai wa humo ndio wanaoeneza kichocho, na ugonjwa huo upo sana katika fukwe zetu. Kuku nao wasipewe konokono hai, kwa sababu baadhi yao hubeba minyoo.

Yaoshe, yachemshe, yaanike, kisha yatwange kwenye kinu. Usiyatie kwenye moto mkali wa mkaa hadi yawe meupe na kupasuka, kwani hapo unatengeneza chokaa kali inayounguza. Kwa sababu hiyohiyo, chokaa ya kupakia ukuta si chakula. Tena usitwange hadi unga. Kuku hutengeneza sehemu kubwa ya ganda usiku, akiwa amelala bila kula chochote. Unga unapita haraka na kuisha. Chenga za milimita 2 hadi 4 zinakaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku kucha. Kwa hiyo wape kuanzia saa 10 jioni, na utawaona wenyewe wanavyokimbilia.

Weka makombe kwenye kopo lake, mbali na chakula. Mtetea anayetaga atakula, jogoo atadonoa kidogo na kuondoka. Anayejichanganyia chakula cha kuku wa mayai wa kisasa aweke kilo 8 hadi 9 katika kila kilo 100. Chakula hicho kisiwafikie vifaranga wala tembe, yaani majike ambao hawajaanza kutaga, maana kalsiamu nyingi kabla ya wakati huharibu figo zao. Anza pale upanga wa kichwani unapoiva wekundu na tembe kuanza kutafuta kiota.

Maganda ya mayai ya jikoni pia yanafaa, baada ya kuchemshwa, kukaushwa na kupondwa hadi yasifanane tena na yai. Kuku akizoea kuona umbo la yai kwenye chakula, atajifunza kula mayai kiotani, na tabia hiyo ni ngumu kuiondoa.

Yule mama niliporudi baada ya wiki tatu, kuku watano walikuwa wakitaga mayai yenye ganda gumu. Wa sita alikuwa bado. Ni mzee, na kwa kuku mzee yai linakua huku ganda likibaki lilelile. Lakini maganda yakiharibika ghafla kwa kundi zima, huku kuku wakikohoa au kupunguza kutaga, usiongeze makombe. Huo ni ugonjwa, mwite ofisa mifugo wa kata siku hiyohiyo.