Saa za Miss Havisham hazinipunguzii kazi

Juzi tena. Kikao cha bajeti ya filamu ninayoiandikia skripti kutoka Great Expectations, riwaya ya Charles Dickens; chai haijapoa, bwana mmoja mwenye fedha zake akaniuliza: "Sasa wewe unalipwa kwa kazi gani, na hadithi Dickens alishaiandika? Si unanakili mazungumzo tu, unagawa sini, basi?" Nimelisikia swali hilo hadi nimechoka. Safari hii sikujibu, nilichukua biskuti. Jibu ni hili.

Hesabu kwanza, niimalize haraka. Great Expectations ilitoka vipande 36 katika jarida la Dickens la kila wiki, kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Sura 59. Ukurasa wa skripti ni kama dakika moja ya picha, kwa hiyo anayetaka tunakili aniletee kwanza mtazamaji wa kukaa kitako kutwa nzima. Mwongozaji David Lean, katika filamu yake ya 1946, alimtoa Orlick mzima mzima, mtu aliyempiga dada yake Pip, mhusika mkuu, hadi akalemaa. Sijasikia anayemlilia Orlick.

Kinachoniudhi hasa ni ile kauli kwamba Dickens "aliandika kisinema". Ndiyo, yapo makaburi kando ya vinamasi vya Kent na mfungwa anayeibuka ghafla. Ipo nyumba ya Miss Havisham, bibi harusi aliyeachwa siku ya harusi: keki imefunikwa na utando wa buibui, na saa zote zimesimama saa tatu kasoro dakika ishirini. Picha hizo ni za bure. Mbunifu wa seti anachekelea, mpiga picha anasugua mikono. Mimi hazinipunguzii kazi hata chembe, maana riwaya haikai humo. Inakaa kwenye sauti ya Pip mtu mzima anayemsimulia Pip kijana, huku aibu ikimtafuna.

Chukua sura ya 27. Joe, mhunzi aliyemlea Pip, anakuja London kumtembelea. Kwa macho tu ni kichekesho: suti haimkai, kofia anaiweka juu ya meko, inaanguka, anaidaka, inaanguka tena. Ipige picha hivyo hivyo, kila neno la Joe mahali pake, na ukumbi mzima utamcheka Joe. Kitabuni kicheko kinatukwama kooni, kwa sababu kabla Joe hajabisha hodi Pip ameshatuungamia kwamba kama angeweza kumlipa fedha asije, angelipa. Anatuambia sisi wasomaji tu. Mle chumbani hakuna anayeyasikia hayo. Utaipiga picha vipi? Mwigizaji akikunja uso sana tunamchukia, asipoukunja hatuoni kitu.

Sini hiyo nimeiandika mara sita. Iliyokaribia kufaulu ni ile ambapo Pip, Joe akiwa bado ngazini, anamtuma mtumishi wake nje kwa jambo la kubuni ili asione jinsi Joe anavyoshika kikombe. Kitendo hicho hakimo kitabuni, nimekitunga mwenyewe, na kimekaribia kitabu kuliko mazungumzo yote niliyoyanakili kwa uaminifu wa karani.

(Neno letu muungwana limebeba yote mawili anayoyachanganya Pip, nasaba na tabia. Usiku mmoja nilimtia Joe kinywani "uungwana ni vitendo". Asubuhi nilifuta.)

Lean yeye alimpa Pip sauti juu ya picha. Miaka kadhaa nimewaambia vijana kwamba sauti ya msimulizi ni uvivu wa mwandishi. Kisha nawaonyesha filamu ile, na nakosa pa kuweka uso. Huenda ni uvivu mikononi mwangu tu.

Na "mwisho wa Dickens mwenyewe" msiniletee. Upi? Katika ule wa kwanza Pip na Estella, msichana anayempenda, wanakutana dakika chache barabarani London, Estella ameolewa na daktari, wanaagana. Mwandishi Bulwer-Lytton, rafiki yake Dickens, akamshauri aubadilishe, naye akawakutanisha kwenye bustani ya nyumba ya Miss Havisham iliyokwisha kubomolewa. Lean akaleta wa tatu: nyumba bado imesimama, Pip anararua mapazia, jua linaingia. Kama kubadilisha ni usaliti, basi msaliti wa kwanza ni mwenye kitabu.

Mimi napenda ule wa barabarani. Sitaupata, najua. Yule bwana wa kikao alishauliza kama wanaoana.