Kiyoyozi cha inveta kinakula umeme kiasi gani hasa? Dhana potofu na ukweli

Kibandiko cha ubavuni mwa kiyoyozi cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) mara nyingi huonyesha karibu wati 1,050. Msomaji wake huzidisha papo hapo: wati 1,050 kwa muda wa saa nane za kulala ni uniti 8.4 (uniti moja ni wati 1,000 kwa saa nzima). Mmoja hesabu hiyo humtisha, akaacha kununua. Mwingine hununua akiamini kwamba neno "inveta" (mfumo unaoiwezesha kompresa, yaani pampu ya gesi, kubadili kasi) peke yake litaikata katikati. Wote wawili wamelitazama boksi la mashine badala ya kukitazama chumba.

"Wati za kwenye kibandiko ndizo zinazoliwa kila saa."

Namba hiyo imepimwa maabara, kwa kawaida nje kukiwa na nyuzi joto 35 na ndani 27, kompresa ikizunguka kwa kasi iliyopangwa. Nyumbani hali hiyo haikai hivyo. Kiyoyozi cha inveta cha ukubwa huo kinaweza kushuka hadi wati 200 au 300 chumba kikishapoa, na kupanda hadi 1,300 au 1,400 dakika za mwanzo.

Chukua chumba cha kulala chenye dari nzuri na madirisha yanayofunga sawasawa, kiyoyozi kikiwekwa nyuzi 25. Nusu saa ya kwanza kinavuta wati 1,200: uniti 0.6. Saa saba na nusu zinazobaki kinatulia kwenye wastani wa wati 400: uniti 3. Jumla ni 3.6, wala si 8.4. Sasa kipeleke kiyoyozi hicho hicho sebuleni, mchana, kwenye kioo kikubwa kinachopigwa na jua la magharibi. Wastani unaweza kufika wati 900, na saa nane hizo hizo zikala uniti 7.2. Mashine moja, muda mmoja, gharama mara mbili. Tofauti yote ni joto linaloingia.

"Inveta huokoa umeme kwa sababu haiwaki na kuzima."

Hii imesambaa mno, hata baadhi ya mafundi huirudia, nayo inastahili kufafanuliwa kwa hesabu. Ni kweli kompresa ya kawaida ikiwaka huvuta mkondo mkubwa, hata mara tano au sita ya ule wa kawaida. Lakini mruko huo hauchukui hata sekunde moja. Tuseme wati 6,000 kwa nusu sekunde: hiyo ni chini ya wati-saa moja. Iwake mara sita kwa saa, bado umepoteza kama wati-saa 5 tu. Mruko unaweza kusumbua jenereta dogo au kufifisha taa; bili haiugusi.

Akiba yenyewe inatoka kwingine. Inveta hugeuza umeme wa mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu, kisha huutengeneza upya kwa masafa inayoyataka, na hivyo kompresa huweza kuzunguka polepole. Koili za ndani na za nje (mabomba yanayopokea na kutoa joto) hubaki na ukubwa ule ule, ila sasa zinapitisha joto kidogo. Koili ya nje haichemki sana, ya ndani haigandi sana, na kompresa inasukuma gesi kwenye mlima mfupi wa shinikizo. Mashine inayotoa takriban uniti 3.3 za ubaridi kwa kila uniti ya umeme ikiwa kwenye kasi kamili inaweza kutoa 4.5 au 5 ikizunguka kwa nusu ya uwezo wake.

Kwa hiyo chochote kinachoilazimisha ikimbie muda wote kinaifuta faida ya inveta: mashine ndogo kwa chumba kikubwa, mlango unaoachwa wazi, au kuiwasha nusu saa tu kisha kuizima. Mtu wa matumizi hayo amelipia teknolojia asiyoitumia.

"Weka 16 kipoe haraka, kisha upandishe."

Chumba kikiwa na nyuzi 32 nawe ukaweka 24, pengo hilo la nyuzi nane linatosha kabisa kuipeleka kompresa kwenye kasi ya juu. Kuweka 16 hakuongezi nguvu isiyokuwepo. Kinachotokea ni kwamba unasahau, chumba kinapita 24 kikielekea 20, na kompresa haipati nafasi ya kupumzika. Kama unataka upesi, ongeza kasi ya feni ya kiyoyozi. Na kama lipo pangaboi, liwashe: linakula wati 50 hadi 75, na upepo wake hukuwezesha kuishi na nyuzi mbili zaidi bila kutoka jasho.

"Ni nafuu kukiacha kikiwaka siku nzima kuliko kupoza upya."

Joto huingia chumbani kama maji kwenye mtumbwi unaovuja: kadiri ndani kunavyokuwa na ubaridi zaidi kuliko nje, ndivyo linavyoingia kwa kasi. Ukizima ukaenda kazini kwa saa tisa, chumba kinapata joto, na kikishapata joto kinaacha kuvuta jingine. Kazi ya kukipoza jioni ni ndogo kuliko ile ya kupigana na jua tangu asubuhi. Kuzima kunashinda.

Ila ukitoka kwa dakika ishirini au thelathini, usizime. Inveta iko kwenye mwendo wake mtulivu na wenye ufanisi. Ukirudi itaanza tena kwa kukimbia. Pandisha nyuzi mbili, inatosha.

"Alama ya tone la maji kwenye rimoti hula umeme kidogo kila wakati."

Hali hiyo ya kukausha hewa hupunguza kasi ya feni, na mara nyingi ya kompresa pia, hivyo huweza kula kidogo. Lakini kukausha hewa kwenyewe ni kazi nzito. Kugeuza mvuke kuwa lita moja ya maji ni kuondoa karibu uniti 0.68 za joto, ambazo kwa kiyoyozi kizuri ni kama uniti 0.2 za umeme. Kinga chupa ya lita moja na nusu chini ya bomba la maji yanayotoka kwenye kiyoyozi, uangalie saa. Mwanzoni maji mengi ni kawaida. Kama saa tatu baadaye bado yanatiririka vile vile, kuna unyevu unaingizwa: mlango wa bafu uko wazi, dirisha halifungi, au nguo mbichi zimeanikwa chumbani. Kiyoyozi kinazikausha nguo hizo, nawe ndiye unayelipa.

"Uniti za mwaka kwenye lebo ni zile nitakazolipia."

Kwenye lebo ya Umoja wa Ulaya, uniti za mwaka za kupoza zimekokotolewa kwa saa 350 za uwezo kamili. Mashine yenye uwezo wa kupoza wa kilowati 3.5 na SEER (kipimo cha ufanisi wa msimu mzima) ya 7 huandikwa uniti 175. Mahali ambapo joto halikatiki, saa 350 zinaweza kumalizika ndani ya miezi michache. Lebo inafaa kulinganisha mashine mbili dukani, na kwa kazi hiyo ni nzuri sana. Kwa bajeti ya nyumba haifai.

"Gesi huisha, lazima iongezwe kila mwaka."

Gesi haiungui wala hailiwi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, kuna tundu, na mara nyingi liko kwenye nati za shaba zilizokazwa vibaya siku ya kufunga, ambapo utaona mafuta mafuta. Fundi apake povu la sabuni hapo kwanza. Hasara ya gesi kupungua kwenye inveta hujificha: mashine ya kawaida ingeshindwa kupoza ukagundua, ila inveta huongeza mwendo kufidia, chumba kinapoa, na bili inapanda kimyakimya.

Tena, shinikizo la inveta hubadilika na kasi ya kompresa, kwa hiyo kujaza kwa kutazama geji ya shinikizo peke yake ni kubahatisha. Njia sahihi ni kutoa gesi yote, kuziba tundu, kuvuta hewa kwa pampu, kisha kupima kwa mizani gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko, pamoja na nyongeza ya kila mita ya bomba inayozidi urefu wa kiwandani.

Stebulaiza na vidude vya "kuokoa umeme". Stebulaiza hulinda umeme unapoyumba. Hailengi kupunguza uniti, na yenyewe inakula kidogo. Vidude vya kuchomeka ukutani havipunguzi uniti zinazosomwa na mita ya nyumbani. Usinunue.

Kupima mwenyewe

Zima vitu vyote isipokuwa kiyoyozi, hata friji kwa dakika hizo chache. Tazama taa ndogo inayomweka kwenye mita. Kando yake kumeandikwa idadi ya mimweko kwa kila kWh (yaani uniti). Kama ni 1,000, kila mmweko ni wati-saa moja. Hesabu sekunde kati ya mmweko na mmweko, kisha gawa 3,600 kwa sekunde hizo. Sekunde 3 ni wati 1,200. Sekunde 9 ni wati 400. Kwa mita ya mimweko 1,600, gawa 2,250 badala ya 3,600.

Pima dakika tano baada ya kuwasha, kisha upime tena saa moja baadaye. Namba ya pili inapaswa kuwa imeshuka sana. Ikiwa haijashuka, osha kwanza vichujio vya ndani (kila wiki mbili si kupita kiasi), kisha tazama kama mashine ya nje imebanwa ukutani au kwenye kibaraza kilichozibwa, ikivuta tena hewa ya moto iliyoitema. Angalia mapazia na mlango. Ukipima tena na bado ni sekunde 3, hapo ndipo umwite fundi, na umwambie aanze na zile nati za shaba.