Kuingia ndani ya meli iliyozama: maswali ya mzamiaji mgeni

Nina cheti cha kwanza cha uzamiaji na nimezamia mara kumi na kitu. Kuna ubaya gani nikiingia kidogo tu ndani ya meli iliyozama?

Kuchungulia dirishani ukiwa nje hakuna ubaya. Kuingia ni habari nyingine. Cheti cha kwanza kwa kawaida hukufikisha mita 18, na dharura nyingi ulizofundishwa humalizikia pamoja: panda juu. Ukishavuka mlango wa meli huwezi tena kupanda. Sharti kwanza urudi ulikopitia, ndipo upande. Pezi la mguuni likichomoka au miwani ikijaa maji ukiwa nje, ni usumbufu tu. Ukiwa ndani, ni dakika za hewa zinazoliwa.

Lakini maji huwa maangavu kabisa. Nitapoteaje?

Yanakuwa maangavu kwa sababu hakuna aliyeyatibua. Sakafuni kumelala tope laini kama unga, lililotua kwa miaka. Piga pezi mara moja kwa mtindo wa kawaida wa juu na chini, litainuka lote. Na hata usipogusa kitu, mapovu unayotoa yanapiga dari na kuangusha magamba ya kutu. Katika sekunde chache tochi inamulika ukungu wa kahawia, na geji inayoonyesha hewa iliyobaki huisomi hata ukiibandika kwenye miwani. Tope hilo huweza kuchukua saa nyingi kutulia.

Halafu kuna ulalo wa meli. Zenobia, feri iliyozama mwaka 1980 karibu na Larnaca, Kupro, imelalia ubavu wake wa kushoto. Humo ukuta umekuwa sakafu, ngazi zimelala, na mlango uko juu ya kichwa chako kama tundu la dari. Akili iliyozoea nyumba haijui pa kutafuta njia ya kutokea.

Mtungi mmoja unanitosha kwa muda gani?

Tupige hesabu. Mtungi wa lita 12 wenye presha ya baa 200 (baa ni kipimo cha presha) una lita 2,400 za hewa. Chukua mtu mtulivu anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa nchi kavu. Mita 30 chini presha ni mara 4 ya ile ya juu ya maji, kwa hiyo anatumia lita 80 kwa dakika. Mtungi mzima ni dakika 30. Akiingiwa na hofu, matumizi huongezeka maradufu kwa urahisi: dakika 15.

Wengi wameisikia kanuni ya theluthi: moja ya kuingia, moja ya kutoka, moja ya akiba. Tatizo ni pale inapopigwa juu ya baa zote 200. Hewa ya mwenzako ikikatika mkiwa ndani kabisa, mtatoka wawili kwa mtungi mmoja, na theluthi zote mbili zilizobaki zitaishia mlangoni. Bado kuna mita 30 za kupanda! Kwa hiyo tenga kwanza baa 50 za kupandia, ndipo ugawe 150 zilizobaki kwa tatu. Umeanza na 200? Geuka geji ikisoma 150. Hizo ni kama dakika saba na nusu za kwenda ndani, na kwa mgeni zinatosha sana. Geji ya yeyote kati yenu ikifika hapo kwanza, mnageuka wote.

Kwa nini hata muogeleaji hodari hupagawa humo?

Mara nyingi ni kaboni dioksidi. Kwenye mita 30 hewa ni nzito mara nne. Ukipumua haraka na kwa kifupi, kaboni dioksidi haitoki vizuri mapafuni. Ikirundikana, mwili unalia "sina hewa" ilhali mtungi umejaa. Wapo wanaotema kipumulio kwa sababu hiyo. Dawa yake: simama, shika kamba ya kukurudisha mlangoni, toa pumzi ndefu mpaka iishe, rudia mara tatu au nne, ndipo uamue. Tena kuanzia kina hicho nitrojeni huanza kulevya, na aliyelewa hajijui.

Nikikuta hewa imenaswa darini, naweza kuivuta?

Usiivute. Chuma kinapopata kutu hula oksijeni iliyopo, na mapovu ya wazamiaji waliotangulia huongeza kaboni dioksidi. Unaweza kuzimia bila dalili yoyote ya kukuonya.

Anayetaka kuingia kwa njia sahihi aanzie wapi?

Kwenye kozi ya meli zilizozama, na mwalimu ndani ya maji. Mipaka inayofundishwa sana: usitoke kwenye mwanga wa mchana, na kina ukijumlisha na urefu wa kuingia visizidi mita 40. Meli ikiwa mita 30, unaingia mita 10, basi. Kamba hufungwa mara mbili, nje kwenye maji ya wazi na tena baada tu ya mlango, na haiachwi mkono. Tochi tatu kila mtu. Kisu au mkasi wa kukatia nyavu za wavuvi.

Nimekwaruzwa na chuma chenye kutu.

Osha kwa maji safi na sabuni. Kama chanjo yako ya pepopunda imepita miaka 5, mwone mhudumu wa afya. Wekundu unaosambaa kwa kasi au homa: hospitali siku hiyohiyo, na useme kidonda kiliingia maji ya bahari.

Mwenzangu alipanda kwa kasi na sasa ana ganzi miguuni.

Mlaze chali, bila kuinua miguu. Kama amezimia lakini anapumua, mlaze ubavu. Mpe oksijeni asilimia 100 mara moja, piga simu ya dharura na useme ni ajali ya uzamiaji, ili atafutiwe chemba ya mgandamizo, yaani chumba cha presha cha kutibia waliopanda kwa kasi. Asirudishwe majini. Ganzi ikiisha baada ya oksijeni, bado aende. Andika kina, muda wa chini na saa dalili zilipoanza. Kompyuta yake ya kuzamia, ile ya mkononi inayohifadhi kina na muda, asiivae mtu mwingine. Iende naye hospitali.