Kufanana si kuzaana: kabla hujatuletea asili ya neno la Kiingereza

Tangu dawati letu la asili ya maneno lianze kupokea mapendekezo ya wananchi, barua zimekuwa nyingi kuliko watumishi, nasi tunashukuru. Nyingi zinahusu Kiingereza, na nyingi kati ya hizo zinarudishwa. Tumeona vema kueleza sababu.

Dai linaloongoza ni kwamba "sugar" ilitoka kwenye sukari yetu, na "coffee" kwenye kahawa yetu. Anayeandika hivyo hana nia mbaya. Ila maneno hayo ni ndugu tu, na mzazi wao ni Kiarabu: sukkar na qahwa. La kwanza lilifika Uingereza katika Zama za Kati likipitia Ufaransa. La pili lilipita kwa Waturuki na Waholanzi, likafika kuelekea mwaka 1600. Kwetu yalikuja kwa njia ya bahari. Sifuri nayo ni hivyo hivyo: sifr ndiyo iliyozaa "zero" huko na sifuri huku.

Mfano wa neno ambalo Kiingereza kweli kimelichukua kwetu ni "safari". Liliingia katika maandishi ya Waingereza katikati ya karne ya 19, enzi za kina Richard Burton, mpelelezi wa Kiingereza aliyeondoka pwani na msafara wake mwaka 1857 kuelekea ziwa Tanganyika. Na hilo nalo sisi tulilipata kwa Waarabu. Mwenye kusherehekea asherehekee kwa kiasi.

Kundi la pili linataka tuwape "Kiingereza halisi", kile cha kabla ya kuchanganywa. Hakipo. Waangli na Wasaksoni waliingia Uingereza katika karne ya 5, tayari wana lahaja zao. Wakafuata Waviking kutoka Skandinavia, kisha mwaka 1066 Wanormani na Kifaransa chao. William Caxton, aliyeleta uchapaji Westminster mwaka 1476, alisimulia kisa kimoja katika dibaji ya kitabu alichokichapisha mwaka 1490. Wafanyabiashara walikuwa wakishuka mto Thames kwenda Zeeland, huko Uholanzi, upepo ukakata, wakateremka kutafuta chakula. Mmoja akaenda kwa mama mwenye nyumba akaomba "egges". Mama akajibu kwamba hajui Kifaransa. Yule bwana akahamaki, maana Kifaransa hata yeye hakijui. Alikuwa anaomba mayai tu. Mpaka mwenzake aliposema "eyren" ndipo mama akaelewa. "Eyren" ndilo lililokuwa neno la wenyeji, na "egges" lililetwa na Waviking. Leo mtoto wa darasa la kwanza anafundishwa "egg". Mgeni kabaki na nyumba.

Sasa lile suala la "news". Hapana. Halitokani na herufi za mwanzo za pande nne za dunia kwa Kiingereza (North, East, West, South). Ni "new" katika wingi, yaani mambo mapya, kwa kuiga Kifaransa. Neno lina zaidi ya miaka 500, ilhali desturi ya kuunda maneno kwa herufi za mwanzo imeshamiri katika Kiingereza karne ya 20. Tumeshalijibu mara nyingi, naomba lisirudi.

Utaratibu ni huu. Pendekezo lijazwe kwenye fomu, nakala mbili, kwa wino mweusi. Liambatane na andiko lenye neno husika, ukurasa wake na mwaka wake. Masijala itagonga muhuri wa kupokea. Muhuri huo haumaanishi kwamba tumekubali. Fomu isiyo na mwaka inarudishwa ndani ya siku 21. Atakayerudishiwa mara tatu kwa kosa hilo hilo atasubiri miezi sita kabla ya kuleta nyingine. Atakayetangaza kwamba dawati limethibitisha asili ambayo halijaithibitisha, jalada lake litapelekwa kitengo cha sheria.

Masharti ya tarehe hatukuyabuni sisi. Kamusi kubwa ya Oxford, iliyoanza kutoka vipande vipande mwaka 1884 na kukamilika 1928, ilijengwa kwa karatasi ndogo zilizotumwa na wasomaji wa kujitolea, wanaonukuu sentensi na kutaja ilikotoka.

Ujumbe wa WhatsApp uliosambazwa hauhesabiki kuwa andiko, hata ukichapishwa kwenye karatasi na kupigwa muhuri wa mwenyekiti wa mtaa.