Sedmikrásky: vurugu iliyopangwa hadi rangi, halafu wabunge wakalilia chakula

Mtu akiniuliza komedi ya vurugu isiyoheshimu sheria yoyote aanzie wapi, mi namtajia Sedmikrásky, muvi ya Věra Chytilová ya 1966 kutoka Czechoslovakia. Stori yenyewe fupi: wasichana wawili, wote wanaitwa Marie, wanaona dunia imeharibika kwa hiyo na wao wataharibika, basi. Wanachuna mabuzi, yaani mzee analipia dinner, wanakula mpaka basi, wanampeleka kupanda treni, kisha wanatafuta mwingine.

Sasa mi ni mhariri wa filamu, nitaongelea mkasi. Sisi kawaida tunaficha pale tulipokata ili mtazamaji asistuke. Hapa wanataka ustuke. Mwanzoni tu Marie mmoja anamzaba mwenzake kofi, picha nyeusi na nyeupe, na yule anaangukia kwenye majani yenye maua, rangi kamili! Baadaye kwenye shoti za tukio lile lile moja rangi inageuka tu bila kuaga. Kuna sehemu wanashika mkasi wakaanza kukatana, mkono unaenda, kichwa kinaenda, halafu picha yenyewe inakatwa vipande vipande. Nikiiangalia ile sehemu huwa nacheka peke yangu maana ni kazi yangu inatangazwa hadharani.

Ila usidhani walijirekodia tu hovyo. Ester Krumbachová kwenye script na mavazi, Jaroslav Kučera kwenye kamera, hao ni watu waliojua sheria kabla ya kuzivunja.

Siasa iko wapi? Iko kwenye karamu. Wanakuta meza kubwa imeandaliwa na hakuna mtu, wanakula, wanarushiana, wanakanyaga vyakula na viatu virefu, wanabembea kwenye taa ya dari. Watu wengi wanakumbuka hapo tu, lakini kwangu mimi sindano ni kinachofuata: wanarudi wamejifunga magazeti mwilini kwa kamba, wananong'ona kwamba wakiwa wema na wachapakazi watakuwa na furaha, huku wanaunganisha sahani zilizovunjika, kipande hapa kipande pale, wanakusanya uchafu na kuurudisha mezani kama chakula. Kwenye nchi ambayo serikali ilikuwa inahubiri kazi kila siku, hiyo ni kejeli kavu kabisa, na hakuna aliyetamka neno serikali.

Muvi inaanza na mabomu ya vita na inaisha na mabomu, na mwishoni maandishi yanasema muvi ni zawadi kwa wale ambao kinachowakasirisha ni saladi iliyokanyagwa tu. Haya, 1967 mbunge mmoja akasimama bungeni kwa niaba ya wenzake kulalamika, na moja ya malalamiko ni chakula kilichochezewa. Mabomu hakuyaona! Chytilová mwenyewe, baada ya majeshi ya Umoja wa Kisovyeti na washirika kuingia nchini 1968, alikuja kubanwa miaka kadhaa bila kuruhusiwa kutengeneza muvi, akarudi 1976.

Ukiitafuta, usihangaike kufuata stori, fuata rangi na sauti. Hasa ule mlio wa mlango mbovu kila wakisogeza mikono, pale mwanzo.